Chemchemi za Makonde Zinaanzia Juu

Mgeni akifika Newala, wenyeji humpeleka Shimo la Mungu. Ni ukingo wa Uwanda wa Makonde, mahali ardhi inapokatika ghafla na kuporomoka mamia ya mita kuelekea bonde la Ruvuma. Siku isiyo na ukungu macho huvuka mto na kuingia Msumbiji. Watu husimama pale wakipiga picha za bonde. Ningewaomba waangalie pia walichokikanyaga: mchanga mwekundu, laini, unaopitisha maji kama chujio. Mvua inayoanza Desemba na kuisha Aprili inazama humo. Juu ya uwanda mpana namna hii, wenye Newala na Tandahimba na vijiji tele, hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Maji hushuka polepole ndani ya mchanga, yakifika kwenye tabaka gumu hugeuka na kwenda upande, kisha hutokeza chini ya miteremko. Hapo ndipo tunapoyaita chemchemi.

Kwa vizazi vingi wanawake wa juu wameshuka miteremko hiyo na vyungu, baadaye na madebe, baadaye na madumu, na kupanda tena na mzigo kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliishangaa hali hiyo: watu wengi kiasi kile juu, na maji yote chini. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda Makonde Water Corporation ili maji ya bondeni yasukumwe juu kwa mashine na kuuzwa kwa debe. Baada ya Uhuru wakaja Wafini. Mpango mkuu wa maji wa Mtwara na Lindi ulikamilika mwaka 1977, na fedha za Finland ziliendelea kuchimba visima na kulaza mabomba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo mitambo ya uwanda huvuta maji ya Mitema, katika bonde la Kitangari. Masasi na Nachingwea hunywa maji ya chemchemi za Mbwinji. Mji wa Mtwara unategemea visima vya Mtawanya. Huko Ndanda, Wabenediktini hujaza chupa maji yanayotoka chini ya mteremko wa uwanda. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mkoa huu yalizama kwanza katika mchanga huu au mchanga wa aina yake.

Miaka yote hiyo swali lilikuwa wingi: maji yapo wapi, na yatapandishwaje? Swali la kizazi chetu ni jingine. Maji hayo yanazama yakiwa yamebeba nini?

Wamakonde wana kisa cha asili yao kinachofaa kukumbukwa hapa. Mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake porini upande wa Mahuta, alichonga sanamu ya mti. Asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke. Wakashuka hadi Ruvuma, mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akafa. Wakarudi juu kwenye vichaka vya Mahuta, wa tatu akaishi. Tangu hapo wakausia watoto wao wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na kifo. Ni elimu ya afya iliyohifadhiwa katika hadithi: kaa mbali na maji, nayo yatakaa mbali na uchafu wako. Kwa mamia ya miaka usia huo ulizilinda chemchemi bila bodi wala sheria ndogo. Watu walikuwa wachache, kaya zilitawanyika vichakani, mashamba yalihamahama, na uchafu wa kaya moja haukukaa mahali pamoja hadi kujaa.

Mpango huo ulivunjika kwa hatua mbili. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu vichakani na kuwapanga kwa safu, nyumba kwa nyumba, choo kwa choo. Kisha idadi ikaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,270,854 katika Mkoa wa Mtwara. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,634,947. Bado wengi wanaishi juu, kama wazee walivyousia. Lakini juu ndiko chemchemi inakoanzia, na hapo ndipo mzizi wa hoja yangu ulipo. Tumezoea kuiona chemchemi kama tundu lililo bondeni, penye tope na magugu, panapohitaji uzio na kibao. Tundu hilo ni mwisho tu wa safari ya maji. Anayetaka kuiponya chemchemi inabidi apande mteremko akaangalie shamba, zizi na choo.

Uchafuzi ninaousemea hauna harufu wala rangi. Ni virutubisho, vile vile vinavyootesha mahindi: naitrojeni na fosforasi. Fosforasi kwa kawaida hung'ang'ania udongo, hasa udongo mwekundu wenye chuma, wala haiendi mbali isipokuwa ikibebwa na mmomonyoko. Naitrojeni ina tabia tofauti. Ikishageuka naitreti huyeyuka katika maji na kwenda nayo popote yaendapo. Mchanga haushiki naitreti. Kuichemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani naitreti inabaki na kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga: ikizidi, damu yao inashindwa kubeba oksijeni na ngozi hugeuka rangi ya bluu.

Kikomo hicho, hata hivyo, kinalinda mtoto. Chemchemi ina uhai wake pia, samaki, konokono, majani ya maji, nao huanza kuumia mapema zaidi. Jimbo la Florida nchini Marekani, lenye chemchemi nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, limeweka kikomo cha miligramu 0.35 za naitrojeni ya naitreti kwa lita kwa ajili ya chemchemi zake. Ukiibadilisha kwa kipimo cha Shirika la Afya, ni kama miligramu moja na nusu, yaani mara 30 hivi chini ya kile kinachoruhusiwa kunywewa. Kwa hiyo afisa anayesema maji yapo salama anaweza kuwa anasema kweli, huku chemchemi yenyewe ikivaa utando wa kijani, ikipoteza samaki na kuziba. Ripoti ya maji ya kunywa haitoshi kuwa ripoti ya chemchemi.

Tuanze na choo, maana ndicho kinachokwepwa mikutanoni kwa aibu. Mwili wa binadamu hutoa kilo 2 hadi 4 za naitrojeni kwa mwaka kulingana na chakula, na nyingi imo kwenye mkojo. Kijiji cha watu 3,000 hutoa tani 6 hadi 12. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Gawanya, utapata mifuko 260 hadi 520 ya urea kila mwaka, inayozikwa mashimoni, chini ya mizizi ya karibu mimea yote, katika mchanga. Sehemu yake hupotea hewani. Sehemu hubaki kwenye uchafu wenyewe. Hata nusu yake ikishuka, ni mbolea ambayo mkulima huyo huyo anaikosa shambani kwa kukosa fedha.

Mafunzo ya usafi hufundisha choo kiwe mita 30 kutoka kisimani. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani vijidudu: bakteria wa kipindupindu na kuhara hufa au hunaswa mchangani wakisafiri. Naitreti haifi. Inaweza kugeuzwa kuwa gesi isiyo na madhara pale tu ambapo hakuna hewa na kuna mabaki ya mimea ya kuwalisha bakteria wa kazi hiyo, na mchanga mkavu wenye hewa nyingi hauna sifa hizo. Juu ya uwanda, ambako maji ya ardhini yapo chini sana, tunajipa moyo kwamba umbali huo ni ulinzi. Kwa kipindupindu ni ulinzi kweli. Kwa naitreti ni ucheleweshaji.

Dodoma imeshapita njia hii. Watafiti waliopima visima vya mitaani katika mji huo wamekuta naitreti iliyovuka 50, na vyoo vya shimo vikiwa miongoni mwa vyanzo. Mji uliponea kwa kuwa na Makutupora, bonde la visima nje ya mji lililowekwa chini ya ulinzi. Mtwara ina Mtawanya na Mitema, na nyumba nyingi za mji bado zinatumia vyoo vya shimo na makaro. Miji ya kusini inakua, na ni rahisi zaidi kuzuia viwanja kuuzwa juu ya maji ya kesho kuliko kuvunja nyumba zikishajengwa.

Sasa salfa. Hapa najua nagusa mfuko wa kila kaya ya kusini, na ninaugusa kwa heshima. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei mbaya, na ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa juu ya maua unazuia ugonjwa. Salfa ndiyo iliyoirudisha korosho. Nyumba za bati, ada za shule, pikipiki, mengi ya hayo yametoka kwenye moshi ule wa njano unaotanda mashambani kuanzia Mei au Juni. Anayewaambia wakulima waache salfa kesho hajawahi kuishi Tandahimba.

Ila moshi hauishi hewani. Mwingi hutua chini. Kipimo kilichozoeleka kufundishwa ni robo kilo kwa mti mkubwa kwa duru moja, na duru huweza kufika tano. Bakteria wa udongo huila salfa na kuigeuza asidi. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote huzaa asidi ya salfuriki kilo 3. Mchanga wa uwanda ni maskini wa chokaa, hauna cha kuizima asidi hiyo. Miaka ya 1990 watafiti walipima udongo chini ya mikorosho iliyopulizwa kusini mwa Tanzania wakaonya kwamba unazidi kuwa chachu, na kwamba madini ya kalisi na magnesi yanaoshwa kushuka chini. Mkorosho wenyewe huvumilia. Mahindi, kunde na karanga zinazopandwa katikati ya mistari hazivumilii.

Hilo la udongo limesemwa mara kadhaa. La maji halisemwi. Salfa inapogeuka salfeti husafiri na maji kama naitreti inavyosafiri, na mvua ya Desemba huikuta juu ya ardhi ikiwa imekusanyika kiangazi kizima. Ikifika bondeni, kwenye tope la kinamasi lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Salfaidi hunyakua chuma. Chuma hicho ndicho kilichokuwa kimeishikilia fosforasi ndani ya tope, kwa hiyo fosforasi huachiwa na kuingia majini. Wanasayansi wa Uholanzi waliieleza hali hii katika vinamasi vyao: maji huanza kurutubika kupita kiasi bila mtu kumwaga hata gramu moja ya mbolea ya fosforasi. Kwetu, panapokutana maji ya mikorosho na vinamasi vya chini, kwenye majaruba ya mpunga ya Kitere na maziwa ya bonde la Ruvuma kama Chidya, utaratibu huo una kila kitu unachohitaji. Salfa haihesabiwi katika orodha ya kawaida ya uchafuzi wa virutubisho. Kusini mwa Tanzania inastahili kuwa ya kwanza kwenye orodha.

Mbolea za chumvichumvi nitazipitia haraka, kwa sababu bado ni kidogo juu ya uwanda. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 itaziongeza, na hilo ni jema kwa mahindi iwapo zitawekwa kwa mafungu madogo wakati mmea upo tayari kula, sio mfuko mzima siku mvua kubwa inapoanza. Mifugo ni suala la mabondeni. Tangu wafugaji walipoondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007, makundi ya ng'ombe yamefika mikoa ya kusini ambako zamani ng'ombe alikuwa nadra. Ng'ombe mia wakinywa moja kwa moja kwenye jicho la chemchemi wanaacha pale samadi na mkojo kila siku. Birika la kunyweshea lililojengwa mita mia chini ya jicho linamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko kesi moja ya wakulima na wafugaji.

Na maji hayaishii chemchemini. Yanaendelea hadi pwani, kwenye mikoko ya delta ya Ruvuma na Ghuba ya Mnazi, ambako Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 2000 katika eneo la kilometa za mraba 650. Kule Msimbati na Ruvula wanajua kwamba maji baridi hutokeza pia chini ya mchanga wa ufukweni maji ya bahari yakikupwa. Ghuba ina aina zaidi ya 250 za matumbawe, na matumbawe ni viumbe vya maji maskini. Mwaka 1995 watafiti, akiwemo marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha walichokiona Zanzibar: karibu na maji machafu ya mji, ule mwani mgumu wa chokaa unaoshikamanisha miamba ya matumbawe ulikuwa umepungua, na fosfati ilitajwa kuwa mhusika. Hifadhi ya Bahari inaweza kudhibiti baruti na nyavu. Haina mamlaka juu ya choo cha Nanyamba wala salfa ya Mahuta. Mto Ruvuma wenyewe ni mgumu zaidi: karibu theluthi mbili ya bonde lake ipo Msumbiji, na delta hupokea ya nchi zote mbili. Chemchemi za uwanda, kinyume chake, ziko mikononi mwetu kabisa.

Watu wengine wamejaribu kurudisha nyuma uharibifu huu, na inafaa kujua walilipa nini. Mji wa Tallahassee huko Florida ulikuwa ukimwagilia mashamba kwa majitaka yake yaliyosafishwa nusunusu. Mwaka 2006 wataalamu walitia rangi kwenye maji yaliyozama chini ya mashamba hayo. Rangi ikatokea chemchemi ya Wakulla, zaidi ya kilometa 15 mbali, baada ya wiki kadhaa. Ubishi ukaisha. Mji ukajenga upya mtambo wake wa majitaka kwa zaidi ya dola milioni 200, na naitreti ya Wakulla ikashuka hadi karibu nusu. Hata hivyo maji hayakurudi kuwa ya kioo kama zamani, na utando wa kijani haukuondoka wote. Mwaka 2016 jimbo likatunga sheria maalumu ya kulinda chemchemi 30 zilizo kubwa au mashuhuri zaidi.

Mafunzo mawili nayachukua hapo. La kwanza ni ushahidi: kilichobadilisha siasa ni rangi iliyoonekana kwa macho. La pili linatuhusu kwa namna kali zaidi. Mwamba wa Florida ni wa chokaa wenye mapango, maji hukimbia, kosa na adhabu hufuatana kwa majuma. Mchanga wetu ni wa polepole. Naitreti iliyozama mwaka kilipopangwa kijiji inaweza kuwa bado njiani. Maji safi ya leo ni sifa ya watu wa zamani, na uchafu wa leo watanyweshwa watoto ambao hawajazaliwa. Hali hiyo inampa kila kiongozi kisingizio cha kungoja, kwa sababu muhula wake utakwisha kabla chemchemi haijasema. Inamaanisha pia kwamba siku naitreti itakapovuka kikomo, kuacha kuchafua hakutasafisha maji kwa miaka mingi ijayo. Kwa mchanga wa aina hii kinga ndiyo tiba yenyewe.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mito, maziwa na bahari, na maafisa wetu wameizoea: kupima mita 60, kuweka vigingi, kupanda miti siku ya maji mbele ya kamera. Sipingi miti. Napinga kuamini kwamba utepe wa mita 60 bondeni unalinda maji yaliyozama kilometa kadhaa juu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina meno marefu zaidi, kwa kuwa inaruhusu kutangazwa kwa maeneo ya hifadhi ya maji ya ardhini, ambamo shughuli hupangwa kulingana na hatari yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo Mtwara, si mbali na vyanzo. Kazi yake ya kwanza iwe kuchora ramani ya kidakio cha kila chemchemi inayonywesha watu: mvua ya wapi hasa ndiyo inayotoka Mitema, na ipi inatoka Mbwinji. Ramani hiyo ikibandikwa katika ofisi ya kijiji, mazungumzo yote hubadilika, maana mtu ataona shamba lake ndani ya mstari.

Ndani ya mstari huo ningependekeza mambo machache yanayowezekana. Vyoo vipya viwe vya mashimo mafupi, na shimo likijaa lifukiwe na kupandwa mgomba au mpapai, ili mizizi ile kilichomo kabla hakijashuka. Au vyoo vinavyotenga mkojo, kwa kaya zitakazokubali kuutumia shambani ukiwa umechanganywa na maji. Shule na masoko vianze, kwa sababu huko mkojo ni mwingi na wa mahali pamoja. Mbaazi, ambazo wakulima wengi walizikatia tamaa India ilipofunga mlango mwaka 2017, zirudi katikati ya mikorosho: mizizi yake ni mirefu, huvuta naitreti ambayo mahindi yameiacha, na ardhi haibaki tupu mvua ya kwanza inapopiga. Desturi ya kufyeka na kusafisha chini ya mkorosho hadi mchanga mtupu, inayosifiwa kama usafi wa shamba, ifikiriwe upya katika maeneo haya.

Kuhusu salfa, Naliendele wameshatoa majibu mengi tayari: miche bora inayostahimili ugonjwa, kupogolea matawi ili upepo upite, kuanza kupuliza pale maua yanapoonyesha dalili badala ya kwenda kwa kalenda, na kuchanganya na dawa za maji zinazohitaji kiasi kidogo. Tatizo limekuwa mgawo. Salfa inapogawiwa bure kwa mifuko, mkulima hana sababu ya kuibania. Ningeomba kila tani ya salfa inayoingia ndani ya kidakio cha chemchemi ifuatane na chokaa ya kuzima asidi yake, na kwamba mche bora upewe kipaumbele sawa na mfuko.

Fedha? Zipo kwenye korosho. Wabunge wa kusini walipopigania asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho mwaka 2018, hoja yao ilikuwa kwamba zao lirudishiwe kilichotoka kwake. Maji nayo yametoa. Kuna mfano wa karibu pia: kwenye milima ya Uluguru, wakulima walilipwa kupitia mpango wa CARE na WWF kwa kupanda miti na kujenga matuta, na waliochangia malipo ni watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, wakiwemo mamlaka ya maji ya jiji na kiwanda cha soda. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini wazo ni la haki: anayekunywa chini amsaidie anayelima juu. Shilingi chache juu ya kila yuniti ya maji Masasi au Mtwara mjini zinaweza kujenga vyoo bora katika vijiji vya kidakio. Jumuiya za watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu uanze kazi mwaka 2019, zinakusanya fedha na zina vitabu. Njia ya kuzipeleka ipo.

Na kipimo kije kwanza kabla ya hayo yote. Naitreti, salfeti na uchachu wa maji vipimwe mara mbili kwa mwaka katika kila chemchemi, mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua, na namba zibandikwe pale pale watu wanapochotea ndoo. Wanawake wanaochota wataelewa namba inayopanda haraka kuliko semina yoyote, kwa sababu wao ndio waliojua chemchemi zilipokuwa na samaki na kaa, na wao ndio wanaoona majani yanavyozidi kuziba mdomo wake.

Msimu wa kupuliza huanza Mei. Kabla ya hapo vyama vya msingi vitafanya mikutano yao, na salfa itakuwa kwenye ajenda kama kila mwaka. Wewe uliye mwanachama, simama uulize mambo mawili: maji ya shamba lako yanatokea chemchemi ipi, na naitreti ya chemchemi hiyo ilikuwa ngapi mwaka jana. Omba jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mwakani uliza tena.